Sababu za Kuchafuka kwa Jengo la 14

Jumatatu, 1 Julai
Habari njema! Alhamisi anakuja mkaguzi wa nyumba za serikali. Lifti mpya ni moja tu, na itapewa jengo lililotunzwa zaidi: sisi wa 14 au majirani wa 15. Tunakaa ghorofa ya tano. Goti la mke wangu Ihsan limevimba, tangu Idi hajakanyaga chini. Lazima lifti ije kwetu. Nimejiteua mwenyekiti wa utunzaji. Hakuna aliyepinga, maana sikumwambia mtu.

Nimeanza kumwandikia mkaguzi ripoti ya sababu za uharibifu. Sababu ya kwanza: Haji Shukri wa ghorofa ya chini. Karudi Maka juzi, na wanawe wamemchorea pale mlangoni Kaaba na ndege iliyompeleka. Ukuta wa serikali!

Jumanne, 2 Julai
Kaaba siigusi, naogopa dhambi. Ndege haina utakatifu wowote. Nimeipaka chokaa. Limebaki bawa. Haji Shukri akaniuliza mbele za watu kama nilitaka arudi kwa miguu. Wakacheka hadi wa jengo la 15. Ihsan naye, juu dirishani. Imeniuma.

Jumatano, 3 Julai
Ndege imechorwa upya, kubwa zaidi. Nikaandika juu yake kwa rangi nyekundu: MARUFUKU KUANDIKA UKUTANI. Baada ya saa moja mtu kaandika chini yake: Na wewe je? Nikamjibu palepale: MIMI NI MWENYEKITI. Wakaandika, nani kakuchagua? Nikaeleza kwa kirefu. Nilifika ghorofa ya pili.

Pia nimefungua balbu zote za ngazini na kuzificha kabatini kwangu, zisiibiwe. Mjane wa ghorofa ya tatu kapapasa gizani, kashika reli, reli ikang'oka. Sababu ya pili: wapangaji hushikashika vitu.

Alhamisi, 4 Julai
Mkaguzi ni Mhandisi Ragaa, mama mkimya. Alipanda ngazi akinisoma ukutani, neno kwa neno. Akauliza balbu ziko wapi. Nikamfungulia kabati kwa fahari. Akapitia ripoti, akasema imekosa sababu moja, akaomba jina langu kamili. Nikamtajia hadi la babu. Lifti imekwenda jengo la 15! Haji Shukri akaniambia: "Ustadhi Wagdi, pole, bwana. Hata mimi nimekuonea huruma."

Jumamosi, 3 Agosti
Ihsan kahamia kwa dada yake, jengo la 15, ghorofa ya sita. Alisema bila hasira kwamba ngazi zangu hazipandi tena. Nyumba imepoa. Nalala vibaya.

Leo kanialika chakula cha mchana. Nikapanda lifti yao. Safi mno, haina hata onyo moja! Wataiharibu hawa. Rangi haishiki kwenye chuma, kwa hiyo nikatoa msumari, nikaanza kuchonga mlangoni: TUNZENI LIFTI. Katika herufi ya nne nikaegemea vitufe. Ikakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne.

Naandika haya humu ndani. Namsikia Ihsan huko chini, katoka sokoni na kapu la mboga ya molokhia, anauliza mbona lifti haiji. Nimempazia sauti asubiri kidogo. Zimebaki herufi nane.