Mshenga wa Vyuo Viwili

Jumatatu, 11 Machi 2013

Miriamu amekuja kutoka Mbarara. Mjukuu wangu huyu anasoma kemia chuoni. Nimemuuliza kazi yake hasa ni nini. Kuchoma mifupa ya ng'ombe! Nikasema sikumlea hapa kambini Nakivale kwa maharage ya msaada ili akachome mifupa. Akaeleza. Mifupa ikishakuwa myeupe anaisaga, unga anautia kwenye mafuta machafu ya kukaangia pamoja na pombe ya maabara, na mafuta yanageuka ya kuendeshea mashine. Unga wenyewe unatoka vilevile ulivyoingia. Ndio kichocheo. Nikasema sijaelewa kitu. Akasema, Babu, ni kama wewe kwenye harusi: mshenga anaunganisha watu, wanakuwa kitu kimoja, yeye anarudi nyumbani kama alivyokuja.

Sasa nimeelewa. Kumbe mimi Semahoro ni mkemia!

Habari kubwa: Ijumaa chuo kimoja cha Ubelgiji kinakuja kutia saini ushirikiano na chuo chao. Wakitia, Miriamu anakwenda kule kwa shahada ya pili. Wasipotia, atarudi hapa kuchoma mahindi kando ya barabara. Nikauliza mshenga ni nani. Hakuna. Hakuna! Bazungu wanatoka kwao kuja kuposa, na hakuna mtu wa kusema! Nina mpango.

Jumanne, 12 Machi

Kwetu kila upande una mshenga wake. Mimi nitasema kwa binti, yaani chuo chetu. Lakini nisipokuwa na mpinzani nitabishana na ukuta. Mwenye mdomo wa kutosha ni Ezira tu, na Ezira simpendi. Kwenye harusi ya Parfait, pale Misiera, alinishinda maneno mbele ya watu, kisha akaniulizia afya.

Nimekwenda. Alikuwa anakula mihogo, hakunikaribisha. Nikamwambia atasema kwa upande wa Bazungu. Akauliza kwa nini yeye Bazungu. Nikasema kwa sababu ndio watakaoshindwa. Amekubali upesi mno. Sijafurahi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimefika Endiinzi kwa Cyiza, mfugaji wetu. Amenipa kibuyu cha maziwa ya mgando, kimefukizwa vizuri kabisa. Nikamwomba na ndama wa kuonyesha tu, nitamrudisha. Akasema ndama wake hatakwenda chuo kikuu kabla ya watoto wake. Mchoyo yule!

Miriamu amepiga simu. Ezira kamwambia kila kitu, mdomo wake redio. Akasema, Babu, nakuomba, nikikosa nafasi hii sina nyingine. Nikaapa kwamba nitapiga makofi tu, kama mzazi yeyote. Na ninamaanisha. Kibuyu nakibeba kwa ajili ya kiu.

Ijumaa, 15 Machi

Mbarara, ukumbi wa chuo. Maua ya plastiki kila meza. Nilivaa koti la harusi. Mlinzi wa mlangoni akauliza kibuyu ni cha nini. Sampuli, nikasema. Nikapita! Ezira akapita nyuma yangu, eti yeye ndiye mwenye sampuli.

Profesa Hilde, mama mrefu wa Ubelgiji, akasimama akasema wanaomba kwa heshima kushirikiana nasi: mitambo, walimu, wanafunzi wa kwenda na kurudi. Vizuri. Mama anajua kuposa. Na mkubwa wa chuo chetu akafanya nini? Akatoa kalamu! Palepale! Bila hata kukohoa! Nani anatoa binti kwa ombi la kwanza? Watadhani ana kasoro!

Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema ngojeni kwanza. Nikasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa changu cha darasa la nne: hatuwajui, ukoo wenu upi, na ng'ombe wako fasi gani? Ezira akaruka upande wa Bazungu, akaapa kwamba Ubelgiji kuna ng'ombe mingi, wanene, wenye madoa. Nikasema waletwe hapa uani kabla ya saini. Akasema wako njiani. Nikasema njia gani hiyo yenye bahari katikati?

Mkubwa wa chuo akarudisha kalamu mfukoni. Wageni wakanong'onezana, mmoja akaanza kufunga begi. Mlinzi huyo anakuja. Nikauona uso wa Miriamu, nikatamani kunyamaza. Lakini zamu ya kumjibu Ezira ilikuwa yangu!

Ndipo Miriamu akaja, na koti lake jeupe la maabara, akapiga goti mbele yangu, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa. Akampelekea Profesa Hilde, naye akanywa, akabaki na masharubu meupe. Basi! Kwetu pande zote mbili zikishakunywa maziwa, mshenga hana neno tena. Hata Ezira aliketi kama taa iliyozimwa. Nimefungwa mdomo kwa kibuyu changu mwenyewe!

Miriamu akawageukia watu, akaeleza kwa Kiingereza. Sikushika hata neno, ila walicheka, halafu wakapiga makofi. Kalamu ikatoka tena. Wametia saini. Profesa akauliza kama maziwa yamebaki.

Jumapili, 17 Machi

Miriamu anasafiri Septemba. Jina lake limetoka, la kwanza kabisa. Baada ya ibada niliwaeleza watu jinsi nilivyofunga ndoa ya vyuo viwili. Ezira alikuwa anaeleza hivyohivyo upande wa pili wa kanisa, kwa watu wengi zaidi. Mwongo mkubwa.

Miriamu akaja kunisalimu. Nikaketi vizuri, nikangoja asante. Akanitazama weee, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, Babu, wewe ni kichocheo kweli, umetoka vilevile ulivyoingia. Mwanasayansi mwenyewe kanisifu!

Sasa nasikia kuna shule kule Biharwe, mwezi ujao inatembelewa na Wajapani. Nimeulizia: hawana mshenga. Nimeshatuma neno kwa Cyiza. Safari hii bila ndama siendi.