Nyumba Hii Haiuzwi

Kuna watu wakiona ukuta umeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI hupita zao. Kagwe, broka wa nyumba huko Ruiru asiye na ofisi wala haya, aliuona ukuta wa namna hiyo kule Witeithie akasimama. Nyumba tupu, nyasi magotini, kufuli limeshika kutu. Jirani alimwambia mwenyewe yuko Kitui, hajaonekana mwaka wa pili huu. Kagwe alivunja kufuli, akatia lake, akarudi na mkebe wa rangi nyeupe. Kufika saa sita mchana maneno yalikuwa yamefutika, na langoni kuna nambari yake ya simu.

Sasa tuelewane kuhusu huyu bwana. Mchana kutwa alihubiri kwamba kukodi nyumba ni kutia maji kwenye gunia. Jioni alirudi Kahawa Wendani, kwenye bedsita, chumba kimoja cha kukodi, mwaka wa kumi na tisa. Ndoto yake ilikuwa ploti yake mwenyewe, hata ya kutosha choo na mlango. Nyumba hii ndiyo ingemvusha.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Mama Ndila, mpishi mstaafu wa shule. Alifika pochi kaikumbatia kwapani kama kuku wa Krismasi. Alisema hajui kama akodi au anunue. Kagwe akamtolea mahubiri yote, na mama akaitikia kwa kichwa huku akizunguka nyumba, akigusa kuta, akinusa ile rangi mbichi.

"Kijana, mimi sinunui ng'ombe kabla sijamkamua," alisema. "Niache nilale humu mwezi mmoja. Nikiipenda, nakulipa yote siku hiyo hiyo, keshi."

Kagwe alimpa ufunguo na kumwita mathe wangu. Siku ya tatu mathe wake akapiga simu: tanki linavuja. Kisha paa. Kisha geti, kisha mfereji wa maji wa chumba kidogo kilicho nyuma ya nyumba. Kila mara alimalizia kwa kuguna kwamba labda basi akodi tu kwingine, na hilo neno lilimuuma Kagwe rohoni. Alimaliza akiba. Akauza pikipiki yake, ambayo aliipangusa kila asubuhi kabla hajanawa uso. Njau, fundi wake, alimwonya kwamba sasa anajenga upya nyumba ya watu. Kagwe akamjibu kuwa mtego bila chambo haunasi. Tena kwa kujiamini kwake akampa landilodi wa Wendani notisi ya kuhama, na chumba kikapata mtu siku hiyo hiyo.

Siku ya thelathini alifika amevaa suti. Mama Ndila alimmiminia chai, kisha akaweka mezani hati ya ploti. Kagwe alisoma jina lililoandikwa pale. Akalisoma tena, maana macho nayo hukosea.

"Yale maneno ya ukutani niliyaandika kwa mkono wangu," mama alisema. "Jirani aliponiambia yamefutwa, nikamwomba anisomee nambari iliyo langoni."

"Ngai, Mungu wangu," alisema Kagwe.

"Lile shauri lako la kukodi na kununua nimeliwaza sana. Nimeamua kupangisha. Wapangaji wanaingia Jumatatu, wamelipenda mno hilo tanki." Akamsukumia brashi na mkebe wa rangi nyeusi. "Njia ni mbili, kijana. Moja inaenda polisi."

Kagwe alivua koti la suti, akapanda ngazi kuyaandika upya yale maneno ya ukutani. Tuseme ukweli, mwandiko wake ulikuwa mzuri, herufi zimenyooka kumpita mwenyewe. Mpita njia mmoja alisimama akauliza bei, na Kagwe ikambidi amwambie asome. Maneno hayo yalimtoka kwa uchungu. Alipofika herufi ya mwisho, alichungulia kile chumba cha nyuma, chenye mfereji mpya ulionunuliwa kwa pikipiki yake. Wendani hakukuwa tena na pa kurudi.

"Mama," aliuliza bila kugeuka, "hicho kidogo cha nyuma, unakikodisha?"

"Nakikodisha. Deposti ya mwezi mmoja," alisema Mama Ndila. "Kwa mabroka, miezi mitatu."