Maharusi Arobaini wa Majaribio

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Shangazi amekubali! Tovuti ya duka lake la magauni ya harusi itavaa sura mpya, na fundi wa kuivalisha ni mimi. Sharti moja tu: asisumbuke bi harusi hata mmoja. Wanaingia humo kutwa kuweka miadi ya kupimwa, na huu ndio msimu wenyewe. Akipotea mmoja, kasema, kazi anapewa Shemeji.

Shemeji! Mume wa dada yangu. Ana cheti cha kompyuta, amekitia fremu na kukitundika sebuleni kwao, mkabala kabisa na kiti ninachokalia. Yeye anashauri nibadilishe ukurasa mmoja kila wiki, mgeni asishtuke. Haraka haraka haina baraka, akamalizia. Nikacheka mpaka nikapaliwa. Mimi nitajenga nakala nzima mafichoni, halafu Jumamosi saa nne kamili, paap! Yote kwa mkupuo.

Jumanne, 4 Machi

Nakala tayari. Nimeongeza maua yanayodondoka toka juu ya ukurasa mpaka chini. Ni mengi kidogo. Mama alichungulia, akauliza namba ya simu ya duka iko wapi. Nikamwambia iko chini ya maua, subira huvuta heri. Akauliza, na bi harusi mwenye haraka je? Nampenda mama yangu, lakini jicho la sanaa hana.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya majaribio! Lazima fomu ya miadi ijazwe kama inavyojazwa na watu halisi. Mtu wa kawaida angeandika "aaa" na "bbb" akaenda zake kulala. Mimi nimezua maharusi arobaini! Kila mmoja na jina lake, kiuno chake na maelezo yake. Mmoja ni mrefu mno na anaogopa pini. Mwingine mama mkwe wake hataki mgongo wazi. Wa thelathini na tatu anaolewa mara ya pili, na mtu yuleyule. Huyo nimempenda sana. Fomu imewapokea wote bila kukohoa.

Alhamisi, 6 Machi

Maajabu! Shangazi kapiga simu asubuhi, sauti inamtetemeka kwa furaha. Daftari la miadi limejaa! Ijumaa yote, Jumamosi yote! Na sijagusa chochote hewani bado! Habari za kipaji changu zimenitangulia. Chema chajiuza. Shangazi ameita mafundi cherehani wawili wa ziada na kuazima viti sita kwa kinyozi wa jirani. Ameniita tumaini la ukoo.

Shemeji aliniuliza, kwa ile sauti yake ya taratibu, kama nakala yangu ina daftari lake au inaandika kwenye lile la dukani. Nikamjibu mwenye wivu ajinyonge. Akarudi kwenye chai yake. Anajua kushindwa kwa heshima, lazima nikiri.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifika dukani saa mbili, shati limenyooka. Mafundi watatu wamekaa. Viti sita, vitupu. Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Shangazi akafungua daftari kwenye kompyuta na kumsoma mteja wa kwanza kwa sauti: mrefu mno, anaogopa pini.

Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Wangu! Wote arobaini wangu! Nakala ilikuwa ikiandika kwenye daftari la dukani, na tangu juzi maharusi wa kweli wanaambiwa nafasi zimejaa.

Kukiri? Thubutu! Nikajibanza nyuma ya pazia la chumba cha kupimia na simu yangu, nikaanza kufuta miadi moja moja. Mfumo ukadai sababu. Nikachagua ya kuaminika: uchumba umevunjika.

Kufikia saa sita mchana uchumba wa maharusi wote arobaini ulikuwa umevunjika. Shangazi aliziona taarifa zikiingia moja moja. Akavua miwani. Akauliza vijana wa siku hizi wamelogwa na nani. Alipofika kwa yule wa thelathini na tatu akasema maskini, mara ya pili, na mtu yuleyule! Akalia. Nikaona aibu. Aibu ya kweli.

Saa saba akaingia muuguzi mmoja, bado na sare ya kazini. Ndoa yake kesho, gauni linampwaya, na tovuti imemkatalia mara tano, sasa kaja kwa miguu yake na yuko tayari kwa ugomvi. Hakuupata. Shangazi alimkumbatia kama aliyefufuka: bi harusi pekee mjini aliyebaki na mchumba! Mafundi watatu wakamvamia. Saa tisa gauni lilikuwa limemkaa sawasawa, anajizungusha mbele ya kioo na kucheka.

Kisha akauliza kwa nini tovuti ilisema pamejaa na duka ni tupu. Wote wakageukia pazia. Si refu lile pazia. Viatu vyangu vilikuwa nje. Njia ya mwongo ni fupi, nikasema yote.

Jumamosi, 8 Machi

Tovuti kapewa Shemeji. Mimi nimepewa viti sita, nivirudishe kwa kinyozi. Shemeji amebadilisha ukurasa mmoja leo na hakuna mgeni aliyegundua. Kazi gani hiyo isiyoonekana na mtu!

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi kazini! Dada kaniombea. Shemeji ametengeneza daftari la majaribio, mbali kabisa na la dukani, akaniomba nilijaribu na maharusi watano. Akaonya kwamba ujumbe wa kuthibitisha miadi unakwenda kwa simu halisi, kwa hiyo nafasi ya namba niiache tupu. Nikaitikia.

Watano! Nimeingiza themanini! Nimetafakari sana kosa la wiki iliyopita, na nimelipata: maharusi wangu hawakuwa na simu. Nani angewaamini? Sasa kila mmoja anayo. Nimewapa ya Shangazi wote, ndiyo pekee ninayoijua kwa kichwa.

Huko mbele ya duka simu yake imelia. Imelia tena. Na tena! Nilijua tu, biashara itachangamka.