Vyeti Vyangu Vimepanda Boti Nyingine

Jumamosi, 6 Septemba 2025
Nimeitwa! Usaili ni Jumatano saa tatu asubuhi, ng'ambo Mokowe. Shirika linatafuta afisa msaidizi wa kukabili maafa. Nani kama si mimi? Tangu nirudi kisiwani Pate na shahada yangu sijafanya lolote ila kutazamia maafa. Baba amesema hii ndiyo mara ya mwisho: nikikosa, Jumatatu naanza kufunga tumbaku na Shangazi Fairuz. Nimeorodhesha yote yanayoweza kuharibika. Yako thelathini na moja. La ishirini na mbili ni kucheka kwa woga.

Jumapili, 7 Septemba
Nasreen naye kaitwa. Nasreen! Aliyenakili hesabu zangu tangu darasa la sita. Nilimkuta dukani akitafuna ubani, nikamuuliza amejiandaa vipi. Kasema amefua buibui. Basi. Kisha akaniita Bi Tahadhari mbele ya watu, mwenye duka akacheka mpaka akamwaga sukari. Nikamwambia kwa upole kwamba Jumatano boti itaondoka saa mbili. Si kweli. Inaondoka alfajiri, kabla maji hayajapwa. Mungu anisamehe. Akaniuliza kama nimesahau kuwa nahodha wa boti hiyo ni babake.
Nilikuwa nimesahau.

Jumatatu, 8 Septemba
Boti ya baba wa mshindani wangu! Injini ikizima? Bahasha "ikianguka" majini? Nimepata dawa. Mimi nitapanda hiyohiyo ya Nahodha Athman, babake Nasreen. Vyeti vitakwenda na Shangazi kwenye boti ya Bwana Barka, ile ya tumbaku. Tusizame pamoja. Nakala nimezitia katika bahasha hiyohiyo, zisije zikatawanyika. Shangazi kasema ndia ni moya, boti mbili za nini. Nikamweleza kanuni ya kugawanya hatari. Akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 10 Septemba
Siku yenyewe. Tulipita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yamejaa. Injini haikukohoa hata mara moja, jambo lililonikera kidogo. Nasreen alisinzia njia nzima, kichwa begani mwangu.
Saa mbili tuko Mokowe. Shangazi haonekani. Nikapiga simu. Bwana Barka alikuwa amengoja magunia mawili ya mwisho, maji yakamkimbia, wamepwelewa katikati ya Mkanda. Shangazi akanituliza: bahasha iko salama, kavu kabisa, juu ya tumbaku. Watanasuka alasiri.
Mwenyekiti wa jopo, Bi Edah, mtu wa bara, aliniuliza ningefanya nini likitokea jambo nisilolitarajia. Nilijibu kwa dakika kumi na mbili. Kanuni. Mifano. Mchoro! Mwenzake, Bwana Jabez, aliacha kuandika akawa ananitazama tu. Kisha wakaomba vyeti. Nikasema viko njiani. Wakauliza njia ipi. Nikasema viko kwenye boti nyingine, kwa tahadhari. Bwana Jabez akainama chini ya meza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.
Hapo nikacheka. Sikuweza kuacha.
Bi Edah alinipa hadi saa kumi, ofisi inapofungwa. Bahasha ilifika saa kumi na nusu, inanuka tumbaku. Vyeti vya Nasreen alikuwa navyo tangu asubuhi, kwenye mfuko wa unga.

Ijumaa, 12 Septemba
Nasreen kapata kazi. Amekuja kuniambia mwenyewe, na halua mkononi. Amekiri kwamba alikuwa amekaa chini ya dirisha zamu yangu ilipofika, akasikia majibu yangu yote, akayatoa vilevile, ila kwa dakika tatu. Bi Edah alimwambia hajapata kusikia majibu bora.
Nimekula halua yote na kutafakari. Maana yake nini? Maana yake nilikuwa sahihi! Jopo zima limethibitisha. Palikuwa na dosari moja ndogo tu: vyeti kutegemea boti moja.
Jumatatu ni tumbaku, kwa muda. Kuna ofisi Mkomani inatafuta karani, usaili mwezi ujao. Safari hiyo vyeti vitapanda boti tatu. Mimi nitapanda ya nne.