Onyo la Maneno Manane

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye kazi ya maana. Ndani ya kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayoongoza kompyuta nzima, kuna onyo linalotokea diski ya pili, inayotunza data, ikianza kuharibika. Linasema "Hitilafu 5". Basi. Mkuu anataka lieleweke. Mimi na Mama Nukta, jirani wa meza ambaye hata nukta haimpiti, kila mmoja alete lake. Yeye ana miaka ishirini kazini. Mimi nina kipaji.

Jumanne, 4 Machi
Mistari kumi na minne! Salamu, pole, methali, kisha tatizo. Mama Nukta ameshinda kwenye simu akiwauliza watu wa maabara wanaotumia mfumo wetu huwa wanafanya nini wakiona onyo. Nilichungulia karatasi yake. Maneno manane. Nikamhurumia.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia mkuu kwamba Mama Nukta anaumwa jino, hataleta kitu. Langu limepita. Linajaribiwa kwenye maabara ya hospitali anakofanya kazi dada yangu, mpima damu.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kapiga simu. Skrini imejaa maneno. Alisoma hadi kwenye methali, akadhani ni tangazo, akalifunga. Sasa mashine inasuasua, na majibu ya wagonjwa mia mbili yamo humo. Mama Nukta akaichukua simu mkononi mwangu, akasema taratibu: "Diski ya pili inaharibika. Nakili data sasa hivi."
Dada akanakili. Baada ya saa moja diski ikafa. Hakuna jibu hata moja lililopotea.
Ni yale yale ya kwenye karatasi. Nimeyapima kila upande, hakuna la kupunguza. Mama huyu ni fundi.

Ijumaa, 7 Machi
Onyo lake limeingia. Nilikwenda kukiri habari ya jino. Kumbe alijua tangu juzi, mkuu alimpa pole. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, anayesoma onyo tayari ana hofu. Usimwongezee kazi ya kutafuta maana."
Namvulia kofia. Nimeyanakili kwa wino mwekundu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeyatafakari sana. Mwenye hofu anahitaji kuandaliwa. Kwa hiyo naandika onyo la utangulizi, la kumwarifu msomaji kwamba onyo linakuja. Hadi sasa ni kurasa mbili tu, pamoja na beti sita za kumsifu Mama Nukta.