Lalamiko Dhidi ya Chipu Isiyonihitaji

Ndugu Meneja wa Karakana,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi fundi wako wa meza ya dirishani nalalamika rasmi dhidi ya mwenzangu wa meza ya pili, yule tunayemwita Bi Koleo, kuhusu chipu aliyoichagua kwa ajili ya mashine yetu ya mvuke wa dawa kwa wagonjwa wa pumu.

Utakumbuka kazi hii ulitupatia sote wawili. Chaja ya USB-C ikichomekwa hutoa volti tano tu mpaka iombwe zaidi, na mashine yetu haitoi mvuke chini ya volti tisa. Kwa hiyo lazima iwemo chipu ya kuiomba chaja iongeze. Mimi nilichagua ya miguu arobaini, yenye programu niliyoiandika kwa miezi minne. Yeye alichagua ya miguu kumi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi Koleo alichagua kwa kuzurura. Alipita kwa wagonjwa sita, nyumba kwa nyumba, akiwauliza wana chaja gani. Wakamwonyesha za simu. Akarudi akasema, "Basi tuombe volti tisa, hizo karibu kila nyumba inazo." Fundi aliyesoma hakai kwenye makochi ya watu, hukaa mezani akafikiri. Mimi nilifikiri, nikaiagiza chipu yangu iombe volti ishirini, maana sipendi mashine yangu ionekane ina dhiki.

2. Chipu yake haina programu. Anabandika kirezista kimoja cha kuipangia volti, basi, kazi imekwisha. Shemeji yangu alipoiona aliniuliza, "Miaka yote ile chuoni, ndiyo kadudu haka?" Nikakosa pa kuficha uso, na chipu yenyewe wala si yangu.

3. Haiharibiki. Katika wiki ya majaribio mashine zangu zilisababisha niitwe mara kumi na moja, na watu walikuwa wakinipisha mlangoni. Yake imekaa kliniki wiki tatu na hakuna aliyemwita mwenyewe hata kumjulia hali.

4. Siku ya maonyesho, muuguzi mkuu alitoa mkobani chaja ya simu yake. Mashine yangu iliomba volti ishirini, ikanyimwa, ikajizimia kwa heshima zake. Nikaanza kueleza kwamba kosa ni la chaja. Yule mama akanikata: "Mwanangu, mtu aliyebanwa kifua hana muda wa maelezo." Akaihamishia chaja ileile kwenye mashine ya Bi Koleo. Mvuke ukatoka. Watu wakapiga makofi, Meneja, na wewe ulipiga. Nilikuona.

Kwa hiyo naomba chaja za simu zipigwe marufuku majumbani mwa wagonjwa, na kila mmoja apewe chaja kama yangu, yenye ukubwa wa tofali. Pia wapewe namba yangu, wanipigie siku moja kabla ya kubanwa kifua. Bi Koleo ahamishiwe stoo, akazurure kwenye rafu.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mhasibu, dada wa mapokezi, mlinzi, na wote wa jengo la nyuma.

Wako mtiifu,
Fundi wa Meza ya Dirishani

Baada ya kuandika: Barua hii imelala mfukoni mwangu tangu asubuhi. Mama yangu yuko kwangu kwa mapumziko, na leo wakati wa chai kifua kilimbana. Nilimwashia mashine yangu kwa chaja ya simu yake, ikakaa kimya. Nilikimbia karakana, nikabeba moja ya Bi Koleo bila kusaini, na sasa Mama anapumua vizuri. Alipouliza ni nani aliyeitengeneza, nilifungua mdomo niseme ni mimi, nikajikuta nimemtaja Bi Koleo. Mama anataka aje kula nasi Jumapili. Tafadhali asiione barua hii. Na ile fomu ya kuagiza chipu zake mia tatu, iliyokuwa ikisubiri sahihi yangu kando ya yake, iko mezani kwako. Nimeshasaini.