Milimita Tatu

Jumatatu, 3 Agosti
Mfupa wa taya langu la juu umebaki milimita tatu. Kasema Dkt. Nyabuto, daktari wa meno, Kisii mjini. Juu ya mfupa kuna uwazi wa hewa. Skurubu ya jino bandia haina pa kushika. Lazima sakafu ya uwazi iinuliwe. Njia ni mbili. Kupitia pengoni, kugonga taratibu kwenda juu, skurubu siku hiyohiyo: hiyo yataka milimita tano au zaidi. Au kukata kidirisha ubavuni, kuinua utando, kujaza unga wa mfupa, kungoja miezi sita ndipo skurubu. Yangu kidirisha. Upuuzi! Video ya kwaya ni Desemba, na kamera humganda mwimbishaji mdomoni.

Ombui, mpinzani wangu wa uimbishaji, aligongwa tu. Milimita nane, hujigamba. Siku hizi anacheka hata mazishini.

Jumatano, 5 Agosti
Nyakoe, kwa Ombui, eti kumjulia hali ng'ombe wake. Mkewe Gesare alipokwenda kuchemsha chai, nikachomoa bahasha ya eksirei yake juu ya kabati, nikaitia kotini. Eksirei yenyewe nikaipiga picha pia kwa simu, kwa tahadhari. Daktari mwingine akiona milimita nane, atanigonga. Sauti mbovu vile, mfupa wote huo!

Ijumaa, 7 Agosti
Nyamira. Dkt. Phanice akaiinua picha kwenye mwanga. Akasema skurubu tayari imo. Akanifungua mdomo, akauliza nimeipeleka wapi. Nimeiba picha ya baada ya kugongwa! Akanipiga eksirei yake mwenyewe. Milimita tatu. Kidirisha. Eksirei ya Ombui ina jina na namba ya simu, akasema atampigia. Nikamwomba asijisumbue. Kajisumbua.

Jumapili, 9 Agosti
Mazoezi. Ombui, mbele ya kwaya nzima: “Ndugu Job, ukitaka mdomo wangu niambie, nitakuazima. Usiibe!” Akina mama wa sauti ya pili wakashikana mabega kwa kicheko. Persis, mwenyekiti, akataka niombe msamaha. Sikuomba. Bahasha haikuwa na kufuli. Akatangaza kwamba mwimbishaji atachaguliwa Jumapili ijayo, na midomo ataikagua mwenyewe.

Vizuri. Nimempigia Nyamongo, mchongaji wa mawe kule Tabaka. Kasema amechonga viboko, twiga na sahani; jino, bado. Nimeagiza jiwe jeupe, lisilo na mistari ya waridi. Jiwe halidai mfupa, linadai gundi tu. Akauliza kipimo atakitoa wapi. Kipo kwenye simu: jino la Ombui.

Miadi: Alhamisi, tarehe 13, saa tatu asubuhi, Tabaka.